Lugha Isikikayo, Maandishi Yasiyosomwa: Urithi wa Fasihi ya Kiurdu na Hifadhi Yake

Hoja ya mhadhara

Kiurdu ni lugha ya taifa ya Pakistan, ni mojawapo ya lugha 22 zilizoorodheshwa katika Jedwali la Nane la Katiba ya India, na fasihi yake iliyoandikwa ina umri wa zaidi ya karne nne. Lugha yenye hadhi ya namna hiyo haiingii kwa wepesi katika orodha ya lugha zinazohofiwa kufa, na anayesikiliza nyimbo za filamu za Mumbai, ambazo nyingi zilitungwa na washairi wa Kiurdu kama Sahir Ludhianvi na Majrooh Sultanpuri, anaweza kudhani kwamba Kiurdu hakina haja ya mtetezi. Hata hivyo, sensa ya India ya mwaka 2001 ilihesabu watu milioni 51.5 waliokitaja Kiurdu kuwa lugha yao ya mama, na ile ya mwaka 2011 ikahesabu milioni 50.8, ilhali idadi ya watu wa nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya milioni 180 katika muongo huohuo.

Takwimu hizo zinaashiria tatizo ambalo halitambuliki kwa kutega sikio tu, nalo ni kwamba Kiurdu kinasikika pengi kuliko kinavyosomwa. Mhadhara huu unashikilia kwamba urithi wa fasihi huhifadhiwa kwa kulea wasomaji, na kwamba sheria, maktaba na mitambo ya kisasa, pamoja na ulazima wake wote, ni vyombo vya kazi hiyo, wala haviwezi kuwa badala yake.

Asili ya lugha na jina lake

Neno "urdu" lina asili ya Kituruki na maana yake ni kambi ya jeshi, lakini jina hilo lisimpotoshe msomaji akadhani kwamba lugha yenyewe ilizaliwa kambini. Jina hili lilitokana na usemi wa Kiajemi uliomaanisha "lugha ya kambi tukufu", na kambi iliyokusudiwa ni mji wa kifalme wa Delhi uliokuwa makao ya wafalme wa Mughal. Lilianza kutumika kwa lugha yenyewe katika miongo ya mwisho ya karne ya 18. Kabla ya hapo lugha hiyo iliitwa Hindavi, Dehlavi, Dakani au Rekhta, neno la Kiajemi lenye maana ya kilichomiminwa, ambalo lilitumika hasa kwa mashairi yaliyochanganya Kiajemi na lugha ya wenyeji.

Sarufi ya Kiurdu ni ya Kihindi-Arya, yaani ya kundi la lugha za kaskazini mwa India zenye nasaba na Kisanskriti, na msingi wake ni lahaja ya eneo la Delhi, ambayo ndiyo pia msingi wa Kihindi sanifu. Kilichokitofautisha Kiurdu ni hati yake na hazina kubwa ya msamiati wa Kiajemi, pamoja na maneno mengi ya Kiarabu yaliyopitia katika Kiajemi. Mswahili anayekifungua kitabu cha Kiurdu atakutana na jamaa za maneno yake mwenyewe, kwa kuwa kitabu, kalamu, wakati, dunia na habari yanatambulika humo kwa sura zilizo karibu sana, na maneno kama gari, bima na pesa, yaliyofika pwani ya Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi, yanatumika humo pia. Kama vile Kiswahili kinavyobaki kuwa lugha ya Kibantu licha ya wingi wa maneno kiliyoyapokea, ndivyo Kiurdu kinavyobaki kuwa lugha ya India, na wanaokiita mgeni katika nchi iliyokizaa wanahukumu kwa kutazama vazi.

Beti linalokumbukwa na kitabu kinachosahaulika

Fasihi ya Kiurdu ilistawi kwanza kusini, katika falme za Bijapur na Golconda, ambako Muhammad Quli Qutb Shah (1565–1612), mfalme wa Golconda na mwanzilishi wa mji wa Hyderabad, aliacha diwani kamili ya mashairi ya Kidakani, yaani Kiurdu cha kusini. Mshairi Wali, aliyekuwa wa mapokeo hayohayo, aliwaonyesha washairi wa Delhi mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba lugha ya mitaani mwao ingeweza kubeba fikra nzito zilizokuwa zikitungwa kwa Kiajemi. Baada yake alikuja Mir Taqi Mir (1723–1810), ambaye lugha yake nyepesi yenye majonzi mazito imekuwa kipimo kwa washairi wa vizazi vilivyofuata, kisha Mirza Ghalib (1797–1869), ambaye diwani yake ya Kiurdu ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1841 na ambaye barua zake, alizoziandika kama mtu anayezungumza na rafiki aliye mbele yake, zilisaidia kuizaa nathari mpya.

Utanzu ulioipa lugha hii sifa kubwa kuliko tanzu nyingine ni ghazali. Ghazali ni mfululizo wa beti za mistari miwili miwili zenye mizani moja, na mwishoni mwa kila beti huja kina, ambacho kwa kawaida hufuatwa na radifu, yaani neno au kifungu kinachorudiwa bila kubadilika. Katika beti la kwanza mistari yote miwili hufuata utaratibu huo, na katika beti la mwisho mshairi hulitaja jina lake la kishairi. Istilahi za beti, mizani na diwani zinaifanya sanaa hiyo isiwe ngeni kwa msomaji wa mashairi ya Kiswahili, lakini zipo tofauti mbili za kuzingatiwa. Kwanza, mizani ya Kiurdu hupimwa kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi, ilhali ya Kiswahili huhesabu silabi. Pili, kila beti la ghazali hujitegemea kimaana, kiasi kwamba beti moja linaweza kuhusu mapenzi na linalofuata likahusu mauti au Mungu, wala mtungaji asihesabiwe kuwa amepotea njia.

Tofauti hii ya pili ndiyo ufunguo wa suala la hifadhi. Beti linalojitegemea hushikika moyoni, huimbwa, hutajwa katika hotuba na harusini, na hushangiliwa katika mushaira, yaani mkusanyiko ambamo washairi husoma tungo zao mbele ya hadhira inayoitikia kwa sauti. Kwa sababu hiyo beti la ghazali linaweza kuishi miongoni mwa watu wasioijua herufi moja ya Kiurdu.

Urithi wa lugha hii, hata hivyo, ni mpana kuliko ghazali. Unajumuisha marsiya, yaani mbolezi ndefu za kuomboleza mashahidi wa Karbala, ambazo Mir Anis (aliyefariki mwaka 1874) alizifikisha kileleni katika mji wa Lucknow. Unajumuisha riwaya, kuanzia zile za Nazir Ahmad zilizotangulia mwaka 1869 hadi Aag ka Darya ya Qurratulain Hyder ya mwaka 1959. Na unajumuisha hadithi fupi za Saadat Hasan Manto na Ismat Chughtai. Unajumuisha pia dastani, yaani visa virefu vya mashujaa na mazimwi vilivyokuwa vikisimuliwa kwa usiku nyingi, na kisa cha Amir Hamza peke yake kilichapwa mjini Lucknow kati ya mwaka 1883 na 1917 katika juzuu 46. Hakuna sikio linaloweza kuzihifadhi juzuu 46, na msimulizi mashuhuri wa mwisho wa mapokeo ya zamani ya dastani, Mir Baqir Ali wa Delhi, alifariki mwaka 1928. Tangu hapo kisa hicho kinamtegemea msomaji.

Inafaa kukumbukwa kwamba kilichozichapa juzuu hizo ni kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1858 na Munshi Newal Kishore, Mhindu aliyechapa maelfu ya vitabu vya Kiurdu, Kiajemi na Kiarabu, Kurani Tukufu ikiwemo. Waandishi Premchand na Firaq Gorakhpuri walikuwa Wahindu, na Rajinder Singh Bedi alikuwa Kalasinga. Hakuna historia ya kweli ya fasihi ya Kiurdu inayoweza kuandikwa bila majina yao.

Hati kama kumbukumbu

Hati ya Kiurdu ina tabaka tatu zinazosimulia safari ya lugha. Tabaka la kwanza ni herufi za Kiarabu. La pili ni herufi zilizoongezwa na Waajemi kwa ajili ya sauti kama p, ch na g. La tatu ni alama zilizobuniwa India kwa sauti za huko, kama zile zinazotamkwa kwa kuipinda ncha ya ulimi kuelekea juu ya kaakaa. Tahajia nayo huhifadhi nasaba ya maneno. Kiurdu kina herufi nne zinazotamkwa z, na kwa herufi hizo msomaji hutofautisha nazar, yenye maana ya mtazamo, na nazr, yenye maana ya sadaka au ahadi kwa Mungu, maneno ambayo Mswahili anayajua kwa sura za nadhari na nadhiri. Maneno hayo yakihamishiwa katika hati ya Devanagari inayotumiwa na Kihindi, au katika herufi za Kilatini, zote nne huwa z moja na alama ya nasaba hufutika.

Mwandiko unaopendwa kwa Kiurdu ni nastaliki, ambao maneno yake huteremka kwa mshazari kutoka kulia juu kwenda kushoto chini, na umbo la kila herufi hubadilika kwa kutegemea jirani zake. Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Mwandiko huo haukukubali kwa urahisi herufi za risasi zinazopangwa moja moja, hivyo wachapaji wakategemea litografia, yaani uchapaji unaohamisha maandishi ya mkono kupitia jiwe laini, na magazeti yakaendelea kuandikwa kwa mkono na makatibu, mafundi wa hati, hadi ndani ya karne ya 20. Mwaka 1981 Mirza Ahmad Jamil wa Pakistan alikamilisha mwandiko wa kompyuta uitwao Noori Nastaliq, alioujenga kwa maelfu ya maumbo ya herufi zilizounganishwa, na gazeti la Jang la Lahore likawa la kwanza kuutumia. Kompyuta za mezani na simu zilichelewa kuufuata mfano huo, na katika miaka hiyo ya kuchelewa vijana wengi walizoea kuandikiana Kiurdu kwa herufi za Kilatini.

Dola na lugha

Mwaka 1837 serikali ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India iliondoa Kiajemi mahakamani, na katika sehemu kubwa ya kaskazini nafasi yake ikachukuliwa na Kiurdu. Ugomvi kuhusu hati ukafuata, na mwaka 1900 serikali ya mikoa ya kaskazini-magharibi na Oudh iliruhusu Devanagari itumike mahakamani pamoja na hati ya Kiurdu. Kidogo kidogo hati zikageuzwa kuwa bendera za dini, ingawa wasemaji wa pande zote mbili waliendelea kuelewana sokoni na nyumbani.

Mifano miwili inaonyesha uwezo wa dola na mipaka yake. Chuo Kikuu cha Osmania, kilichoanzishwa Hyderabad mwaka 1918, kilifundisha kwa Kiurdu hadi tiba na uhandisi, na idara yake ya tafsiri ilitafsiri mamia ya vitabu na kuunda istilahi za elimu za kisasa. Baada ya Hyderabad kuunganishwa na India mwaka 1948, Kiingereza kikachukua nafasi hiyo, na hazina ya istilahi ikakosa wanafunzi wa kuitumia. Mfano wa pili ni wa Dhaka, mji uliokuwa wakati huo katika sehemu ya mashariki ya Pakistan, ambako mwezi Machi 1948 kiongozi wa nchi hiyo, Muhammad Ali Jinnah, alitangaza kwamba Kiurdu peke yake ndicho kingekuwa lugha ya dola ya Pakistan, nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walisema Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji waliodai haki ya Kibengali, na siku hiyo ndiyo iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Kiurdu hakikutenda kosa hilo. Walitenda waliolifanya fimbo jina lake, na heshima kiliyoipoteza mashariki haikurudishwa kwa amri yoyote.

Hata katika Pakistan ya leo Kiurdu ni lugha ya mama ya watu wasiofikia mmoja kati ya kumi, na walio wengi huzaliwa katika Kipunjabi, Kipashto, Kisindhi na lugha nyinginezo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliiagiza serikali itekeleze matakwa ya Katiba ya mwaka 1973 kwa kukitumia Kiurdu rasmi, lakini Kiingereza bado kimeshika nafasi kubwa katika mahakama na utawala, na mzazi anayetafuta riziki ya mwanawe huisoma alama hiyo kabla ya kuisoma sheria.

Njia za hifadhi

Kazi kubwa imefanyika na inastahili shukrani. Maktaba ya Khuda Bakhsh ya Patna, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1891, na ile ya Raza mjini Rampur zimetunza miswada isiyopatikana kwingineko; Bodi ya Kamusi ya Karachi ilikamilisha mwaka 2010 kamusi ya kihistoria yenye juzuu 22; na tangu mwaka 2013 tovuti ya Rekhta imeweka wazi maelfu ya vitabu, huku mashairi yakitolewa kwa hati tatu. Utoaji huo kwa hati tatu ni mlango wa halali kwa mpenzi wa ghazali asiyeijua hati ya Kiurdu. Mlango, hata hivyo, hujengwa ili mtu aingie ndani, na hifadhi inayomwachia msomaji mabeti machache mazuri bila kumfundisha kufungua kitabu kizima inamwacha kizingitini.

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajika kwa pamoja. Shule za msingi zinapaswa kumpa mtoto wa familia ya Kiurdu walimu na vitabu vya lugha yake pale alipo, kwa kuwa hati isiyofundishwa utotoni huwa ngumu ukubwani. Kozi za hati kwa watu wazima zinapaswa kumfikia kila aliyevutwa na wimbo au mushaira, awe wa dini yoyote. Wahariri nao wanapaswa kutoa matoleo yenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, hasa kwa tanzu ndefu ambazo sikio haliwezi kuzibeba.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya kulifuatilia suala hili kwa karibu, kwa kuwa Utendi wa Tambuka na tungo nyingine kongwe za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wengi wa wanaorithi tungo hizo leo hawawezi kuisoma miswada yake bila mkono wa mtaalamu. Yaliyowapata Waswahili katika karne moja yanaweza kuwapata wasemaji wa Kiurdu, na tofauti ni kwamba kwa Kiurdu muda haujapita, kwa sababu wasomaji wake bado ni mamilioni na walimu wangali hai. Juzuu 46 za Amir Hamza zimekwisha kuokolewa kutoka kwa mchwa. Zinasubiri kuokolewa na mtoto anayejua kuzisoma.