Cheti Nacho Hunolewa

(Maneno ya msimamizi wa miradi kwa wajumbe wa kamati za ujenzi, Butiama)



Mmeniuliza kwa nini mtaalamu aliyekwisha kuhitimu bado huaga kwenda masomoni, ilhali ninyi mnabaki na tofali na saruji mkimsubiri. Swali hilo ni halali.

Cheti cha usimamizi wa miradi nilicho nacho, kitolewacho na taasisi ya PMI ya Marekani tangu mwaka 1984, hudumu miaka 3. Katika muda huo mwenye cheti hana budi kutimiza saa 60 za kujiendeleza. Asipotimiza, husimamishwa mwaka mmoja. Akizidi kuzembea, cheti hufutika, naye huanza upya kwa mtihani.

Nakiri mbele yenu kwamba awamu iliyopita nilibakiza miezi 2 nikiwa na saa 19 tu. Nilidhani uzoefu wa kazini watosha, kumbe kazi ya kila siku huhesabiwa saa 8 pekee. Nililiona kosa langu siku mjumbe wa kamati ya manunuzi aliponiuliza utaratibu wa zabuni, nami nikamjibu kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Laiti angelifuata jibu langu, malipo ya fundi yangelikwama, na boma la darasa lingelinyeshewa masika yote bila paa.

Katika saa hizo 60, zisizopungua 35 ni za kujifunza. Lakini hadi 25 zaweza kupatikana kwa kuutumikia ujuzi wenyewe, ikiwamo kuwafundisha wengine. Hapo ndipo penye faida yenu. Mwiteni mtaalamu akae na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, awafundishe kupanga ratiba, kusoma makadirio na kutunza daftari la vifaa. Yeye atapata saa zake, nanyi mtapata macho ya kuulinda mradi wenu.

Tena, msimamizi akifika kijijini, muulizeni kwa heshima: mara ya mwisho ulijifunza nini, na lini? Aliye makini hatachukia.

Hapa ni nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Isiwe sisi wataalamu ndio tunaodhani tumekwisha kusoma.