Tuzo kwa Anayetunza Daftari

Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka



 

Kila mwaka kwenye harambee hii tunatoa ngao kwa mchangiaji aliyetoa fungu kubwa kuliko wote. Ni desturi nzuri, wala hatujaja kuifuta. Mwaka huu tunaomba iongezwe tuzo ya pili, ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kule nyumbani anayefuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu, tunadaiwa maelezo.

Magonjwa ya kifua yana tuzo zake kubwa duniani. Robert Koch, aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amegundua kimelea cha kifua kikuu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1952 tuzo hiyo ilikwenda kwa Selman Waksman wa Marekani kwa ajili ya streptomaisini, dawa iliyofungua njia ya kutibu ugonjwa huo. Mwanafunzi wake, Albert Schatz, aliyeipata dawa hiyo maabara mwaka 1943, hakujumuishwa. Ndivyo tuzo zilivyo: mara nyingi humwona aliyekaa meza kuu.

Lakini ipo tuzo moja isiyovuma sana, nayo inatuhusu sisi. Hutolewa na Muungano wa Kimataifa dhidi ya Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu, ulioanzishwa Paris mwaka 1920. Imepewa jina la Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi. Tuzo hiyo si ya madaktari peke yao. Hata mhudumu asiye daktari, au kikundi cha wananchi, anaweza kuipata kwa kazi ya miaka 10 na zaidi.

Sehemu kubwa ya kazi iliyompa Styblo jina ilifanyika hapa Tanzania, katika Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977. Dawa zilikuwapo tayari. Shida ilikuwa kwamba mgonjwa akipata nafuu huacha dawa, ugonjwa ukarudi, na pengine ukarudi sugu. Yeye na Watanzania wenzake wakajenga utaratibu: mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, na jina lake liingie kwenye rejista ya wilaya. Kila robo mwaka hesabu zinafungwa. Walioanza dawa kipindi fulani wako wapi? Kila mmoja lazima awe na fungu lake: amepona, amemaliza dawa, tiba imeshindwa, amefariki, ameacha dawa, au amehamia kwingine. Jumla ilingane na idadi ya walioanza. Ndugu zetu, hiyo ni mizania! Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza nchi nyingi.

Sasa turudi nyumbani. Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Lakini kati ya zahanati na mji wa mgonjwa kuna mlima, kuna mto, na kuna masika. Mgonjwa asipofika siku yake, mhudumu ndiye anayemfuata. Mtu akikohoa wiki mbili, yeye ndiye anayemwambia akapime makohozi. Hakuna anayempigia makofi.

Wapo wenzetu walioshauri tumpe tuzo mwenye wagonjwa wengi waliopona. Kwa heshima, tunapinga. Ukimtunza mtu kwa idadi ya waliopona, unamshawishi asimwandike mahututi, au amsahau marehemu. Vitabu vya fedha navyo hupambwa hivyo hivyo. Kigezo chetu kiwe kimoja: kila jina lililoingia kwenye daftari lina mwisho ulioandikwa. Aliyefariki aandikwe kuwa amefariki. Aliyehama ijulikane alikohamia. Aliyeacha dawa ionekane alifuatwa mara ngapi.

Tunapendekeza ukaguzi ufanywe na mratibu wa wilaya. Kamati ipewe jumla tu. Majina ya wagonjwa si yetu kuyasoma. Tuzo yenyewe iwe buti, koti la mvua, tochi nzuri, fedha taslimu na cheti, na ikabidhiwe kijijini, mbele ya majirani zake, wala si kwenye ukumbi huu.

Fedha za tuzo hii hazitachotwa kwenye fungu la zahanati wala la madawati. Kwenye fomu yako ya ahadi kuna mstari wake. Andika unachoweza, hata kama ni kidogo, kisha timiza na uchukue risiti. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwakani, kwenye harambee kama hii, tutasimama tena kuwasomea mapato, matumizi na salio. Tunamdai mhudumu wetu daftari lisilo na pengo. Na sisi tudaiwe hivyo hivyo.