Kuomba Radhi Si Kushindwa



Leo tuzungumze juu ya neno dogo linalotushinda watu wazima wengi. Neno hilo ni "nisamehe".

Asubuhi moja tulikuwa Kariakoo, Dar es Salaam. Karibu na Mtaa wa Swahili tulimkuta kijana mchukuzi. Tenga la nyanya lilikuwa limemponyoka begani, na nyanya zimepondeka chini. Mwenye mali, mama mmoja wa makamo, alipiga kelele: "Nyie wachukuzi wezi wote!" Kijana naye akajibu: "Tenga lako bovu, mama! Mimi nifanyeje?" Watu wakajaa.

Hebu tufikiri. Kwa nini kijana hakusema, "Nimekosa"? Alikwisha kuitwa mwizi mbele ya watu. Aliona akikubali kosa moja, ataonekana mtu mbaya kabisa, na kesho hapewi mzigo. Wahenga walisema: Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mtu akiaibishwa, kwanza hujifunika. Visingizio ndiyo nguo yake.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya mtu, wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2008 Nurit Shnabel na Arie Nadler wa Israeli walieleza kwamba ugomvi huwaumiza wote wawili, lakini si kwa namna moja. Aliyekosewa huona ameshushwa. Anataka heshima yake irudi. Aliyekosa huogopa kutengwa. Anataka aonekane bado ni mtu mwema.

Mwaka 2014 mtaalamu mwingine, Karina Schumann, alichapisha utafiti wake. Watu walikumbuka mtu waliyemkosea. Baadhi yao waliandika kwanza juu ya jambo wanalolithamini sana maishani. Hao waliomba radhi vizuri zaidi, na visingizio vikapungua. Maana yake, mtu akikumbuka kuwa ana thamani, haogopi sana kukubali kosa.

Wazee wetu nao walikuwa na dawa yao: utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara ya kwenda pwani. Mtani hukuambia kosa lako huku watu wanacheka, nawe huvunjiki moyo.

Basi siku ile mzee mmoja wa Kizaramo, muuza ndimu, alisogea. Akasema: "Ewe Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo toka Tabora hadi Bagamoyo. Leo tenga moja tu limekushinda?" Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu. Mzee akaendelea: "Kijana huyu tunamjua. Hajadokoa hata kitunguu cha mtu. Haya mwanangu, sema na mama yako."

Kijana akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nilikuwa naharakisha niwahi mzigo wa pili. Nimekutia hasara. Ujira wa leo sichukui, na kesho nitakubebea bure."

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Na mimi nimekosa, baba. Nimekuita mwizi, na hukuiba." Wakainama pamoja kuokota nyanya nzima zilizobaki.

Ndugu zetu, tunajifunza nini hapa?

Kwanza, tukiombwa kusuluhisha, tusianze kwa kumvua mtu nguo. Tuseme kosa lake, tusimwite yeye kosa.

Pili, tukikosa, tutaje kosa lenyewe, tuache kisingizio, na tulipe tunachoweza. Neno "nisamehe kama nimekosa" halimponyi mtu.

Tatu, kusamehe si kufuta deni. Wala aliyepigwa asilazimishwe kunyamaza kwa jina la msamaha. Mambo ya namna hiyo yapelekwe panapohusika.

Jioni hii kila mmoja achukue daftari lake. Aandike jambo moja jema analolishikilia maishani. Chini yake aandike jina la mtu aliyemkosea. Halafu kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, apite kwa mtu huyo.

Hata sisi walimu tuna majina ya kuandika. Tutaanza.