Kanzu na Uso: Kontrasti katika Negativi za Zamani



Chukueni mfano wa picha ya harusi iliyopigwa studio, Mji Mkongwe wa Zanzibar, miaka ya 1950. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Kwenye negativi mambo yamepinduka: kanzu imejaa chembe za fedha, nyeusi tii; uso ni mwepesi, mwanga unapita. Tukiitia kwenye skana, picha hutoka imepauka, kijivu juu ya kijivu. Hapo mtu hubonyeza kitufe cha kurekebisha papo hapo. Picha inakolea, wote wanafurahi, na viua vya kofia vimetoweka.

Naomba niutetee mpauko ule. Fundi wa zama za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, hakusafisha mkanda ili negativi yenyewe ipendeze. Alitaka ichapike. Kontrasti aliimalizia kwenye karatasi, iliyouzwa kwa madaraja, kuanzia laini hadi kali. Chini ya taa ya chumba cha giza alikinga uso kwa kiganja usije ukaungua, kisha akaiongezea kanzu sekunde kadhaa hadi mikunjo yake ionekane. Kazi hiyo ya mkono haikuandikwa kwenye negativi. Skana haiwezi kuijua.

Skana nayo hutengenezwa isome hata slaidi, ambazo giza lake ni zito kuliko la negativi. Kwa hiyo negativi hukalia sehemu tu ya uwezo wa skana. Tuseme ni robo. Katika faili la biti 8 lenye ngazi 256, tunabaki na ngazi 64. Tukizinyoosha zijaze nafasi yote, ukuta wa nyuma ya maharusi unakatika matabaka. Katika biti 16 robo hiyo ni ngazi 16,384, na hapo hata ukivuta sana, hapachaniki kitu.

Baada ya kugeuza rangi, sogeza ncha ya weusi na ya weupe hadi karibu na mwisho wa histogramu, usizikate. Kisha pindisha mstari wa toni katikati, mahali nyuso zilipo. Nyuso zetu nyeusi ndizo huadhibiwa na kitufe kile: mashavu na macho humezwa na kivuli kimoja. Kanzu ishughulikiwe peke yake, kama fundi alivyofanya.

Na tafadhali, zimeni kifutio cha vumbi cha infraredi. Fedha huzuia miale hiyo, basi mashine huiona picha yenyewe kuwa ni uchafu, ikaanza kuifuta. Pulizeni vumbi kabla ya kuskani.

Faili la kwanza, pamoja na mpauko wake, libaki TIFF ya biti 16 bila kuguswa. Gazeti likitaka picha kali, lipewe nakala kali. Mjukuu anayetaka kuuona uso wa babu yake atengenezewe nyingine.