Neno la Mkubwa Mbele ya Waandishi wa Habari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kwamkoro)



Jambo tulilolichagua ni desturi ya wakubwa wa nchi kuwaita waandishi wa habari na kuwaeleza mambo ya siasa na ya maisha ya watu. Labda mtu atauliza, Yawahusu nini makarani mambo hayo? Jibu ni hili: neno lisemwalo Dodoma au Dar es Salaam asubuhi hupanda mlima huu kwa redio na kwa simu kabla jua halijachwa, bali waraka wake waweza kukawia majuma mengi. Kati ya neno na waraka yupo karani, naye ndiye aulizwaye na watu, "Tumesikia ushuru umeondolewa, mbona mwatutoza?"

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili yanayofanana kwa sura. Liko tamko, yaani mkubwa husema na waandishi huandika, kisha huagana. Tena liko jambo la pili, nalo ni mkubwa kukubali kuulizwa. La kwanza hutupa amri peke yake. La pili hutupa amri pamoja na sababu yake, na siku itakapoanza, na fedha zitakakotoka. Karani aliyepewa amri bila sababu hana la kumwambia mwananchi ila "ndivyo ilivyo", na neno hilo halijamtuliza mtu hata siku moja.

Katika kazi hii ya kuulizwa tunaye aliyetutangulia. Bwana Martin Kayamba, ambaye wazee wake walikuwa watu wa Bondei, nchi iliyo chini ya milima yetu hii, alikuwa karani wa Serikali, naye mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, ili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Pale hawakutoa tamko. Walikwenda kuulizwa na kujibu. Na mtu ajuaye kwamba jibu lake litafuatwa na swali jingine hulipima kwanza.

Tuje karibu zaidi. Mwezi wa Machi 1995 Mwalimu Julius Nyerere alisema na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam. Urais alikwisha kuuacha mwaka 1985, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, na nchi ilikuwa yajiweka tayari kwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama hivyo viruhusiwe tena mwaka 1992. Aliifananisha nchi na nyumba iliyopata nyufa, kisha akazitaja nyufa hizo: mtikisiko wa Muungano, rushwa, ukabila, udini na mengineyo. Wako waliokubaliana naye, na wako waliompinga. Lakini hata aliyempinga alijua apinga neno gani, kwa kuwa kila jambo lilitajwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo faida tunayoitaka kwa kila mkubwa asimamaye mbele ya kalamu za watu.

Wala tusidhani ya kuwa haya ni mambo ya mijini tu. Msitu wa Kwamkoro ulikatwa magogo kwa mitambo, hata kazi hiyo ikakomeshwa katika miaka ya 1980. Na mwaka 1997 ukaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Gazetini, kusema "msitu utahifadhiwa" ni mstari mmoja. Kijijini, mstari ule ni mpaka, ni njia ya kwendea kuni, ni shamba la iliki. Pale Derema, wakulima wa iliki walipotakiwa kuiacha mimea yao ili misitu iungane, swali lao halikuwa kama msitu ni mwema. Walitaka kujua watalipwa nini na lini. Mwandishi asiyeuliza "lini" na "kiasi gani" amewaacha watu hao gizani.

Sasa wajibu wetu. Katiba yetu, katika Ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake, nayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yataka kila ofisi ya umma iwe na mtu wa kuzitoa. Basi mwananchi ajapo na neno alilolisikia redioni, tusimfukuze, wala tusimkisie. Tumwambie wazi kama waraka umefika au haujafika, tuandike swali lake, tulipeleke juu. Maswali hayo yakikusanyika, mkubwa atakaporudi mbele ya waandishi atajua watu wataka kujibiwa nini.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Hesabu aisomayo mkubwa mbele ya waandishi imeandikwa na karani. Tukiipamba ili apendezwe, yeye ataisema kwa nia njema, nchi itaiamini, na mwenye kijiji atakayeona zahanati haina dawa hataiamini Serikali tena. Wahenga walinena, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na imani ya watu ni mali vilevile, na daftari lake limo mikononi mwetu.

Mwenye swali na aulize, nasi tutajibu.