Mgeni, Mwenyeji na Tetemeko la Gisenyi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo wafaa kukumbukwa katika mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ambako ardhi ina desturi ya kutikisika mara kwa mara.

Mgeni anayehamia mji huo, awe mwalimu, karani au mfanyabiashara, hupendezwa kwanza na Ziwa Kivu na upepo wake mwanana. Kisha usiku mmoja huamshwa na ngurumo kama ya lori zito linalopita barabarani. Lakini lori halipo. Vikombe vinagongana kabatini, mlango unagongagonga, mbwa wanabweka. Baada ya nukta chache, yote yanatulia. Mgeni hutoka mbio na shuka mabegani, akitazamia kuwakuta majirani uani. Hamkuti hata mmoja. Asubuhi akiuliza, hujibiwa kwa tabasamu: "Huo ni umutingito tu. Utauzoea."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na lina hatari pia.

Ukweli ni kwamba Gisenyi imo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile lenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Humo ardhi ya Afrika inaachana polepole, kwa milimita chache tu kila mwaka. Mwamba unaovutwa kwa muda mrefu hatimaye hukatika au huteleza ghafla, na mtikisiko wake ndio tetemeko. Isitoshe, ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa mji wa Goma, umesimama mlima Nyiragongo, volkano hai yenye urefu wa mita 3,470 hivi. Miamba iliyoyeyuka inapojipenyeza chini ya ardhi, nayo huitetemesha. Kwa hiyo tetemeko dogo si ajabu wala si laana, na mgeni hana sababu ya kufungasha mizigo yake kwa ajili ya vikombe vilivyogongana.

Hatari imo katika lile neno "utauzoea". Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ulilipuka, uji wa moto ukapita katikati ya Goma, na umati mkubwa wa watu ukakimbilia Gisenyi, ambako nako ardhi ilitikisika kwa siku kadhaa. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la kipimo cha karibu 6 liliipiga sehemu ya kusini ya Ziwa Kivu, upande wa Bukavu na Rusizi. Nchini Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa kanisani. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulilipuka tena. Uji wa moto ulikoma pembezoni mwa Goma na watu wakashukuru, lakini ardhi haikutulia. Matetemeko yalifuatana kwa siku kadhaa, kwa kuwa miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikipenya chini ya miji hiyo kuelekea ziwani. Lililokuwa kubwa lilizidi kipimo cha 5. Katika Rubavu nyumba zilianguka, kuta zikapasuka, na ardhi ikafanya ufa.

Wapo wanaojifariji kwamba matetemeko madogo hupunguza nguvu ya kubwa lijalo. Hesabu haikubaliani nao. Kila kipimo kinapopanda kwa namba moja, nguvu huongezeka kiasi cha mara 32. Basi ili kufikia nguvu ya tetemeko moja la kipimo cha 5, yangehitajika ya kipimo cha 3 yapatayo 1,000. Wala hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Linaloweza kujulikana mapema ni nyumba ipi itasimama na ipi itaanguka.

Hapo ndipo mgeni anapomponya mwenyeji. Jicho lake halijazoea. Huliona kabati refu lisilofungwa ukutani, kitanda cha mtoto kilichowekwa chini ya dirisha, na ukuta wa rukarakara wenye ufa uliofichwa kwa chokaa. Akiuliza, "Ufa huu ni wa lini?", asichekwe. Huenda swali hilo likaokoa nyumba nzima.

Mwenyeji naye ana deni la kumfundisha mgeni. Amwambie kwamba ardhi inapotikisika asikimbilie ngazi wala mlango, bali ainame chini ya meza imara, akinge kichwa, na kukaa mbali na vioo. Mtikisiko ukikoma, atoke nje na kusimama mbali na kuta. Asiwashe moto kabla ya kuhakikisha kwamba mtungi wa gesi hauvuji. Na akilazimika kulala nje, asichague bonde wala shimo, kwa maana katika maeneo ya Goma hewa nzito yenye sumu, iitwayo mazuku, hutuama mahali pa chini na kuua bila harufu.

Tetemeko lenyewe ni nadra kuua mtu. Kinachoua mara nyingi ni ukuta uliojengwa bila nguzo, bila mkanda wa zege, na juu ya msingi hafifu. Kila siku ya umuganda, watu wa mtaa wanapokutana kwa kazi ya pamoja, ni nafasi ya kuzikagua nyumba za wazee na wajane wasioweza kujikagulia.

Hofu ya mgeni itapungua, na ni vema ipungue. Lakini kabla haijakwisha, na itumike. Mwenyeji aliyesahau kuogopa amsikilize yule ambaye jana alitoka nje na shuka mabegani, kisha wote wawili waende wakautazame ule ukuta.