Mizani ya Nishati: Jua, Upepo na Nyuklia katika Kuitunza Amana ya Ardhi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa hapa kwa faida ya misikiti yetu yote.)





Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha katika nyumba yake, na twamwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Huenda wapo kati yetu watakaouliza: umeme una uhusiano gani na msikiti? Jawabu letu ni kwamba Kurani Tukufu, katika Sura Ar-Rahman, imeitaja mizani mara baada ya kutaja mbingu, na ikatuonya tusiivuruge. Aidha, katika Sura Ar-Rum tumefahamishwa kwamba uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu wenyewe. Basi Mwislamu hawezi kusema kwamba hali ya hewa ni jambo la wataalamu wa mataifa ya mbali peke yao. Mwanadamu amewekwa kuwa khalifa katika ardhi, na khalifa ataulizwa.

Msiba uliokwisha kutufikia

Hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hukusanyika angani na kulizuia joto lisitoke. Matokeo yake tumeyaona kwa macho yetu. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2023 ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya walikosa mvua msimu baada ya msimu, mifugo ikafa mbele ya wenyewe. Mwaka 2022 Tanzania ilirudi katika mgawo wa umeme kwa kuwa maji yalipungua mabwawani. Kisha Aprili 2024 mafuriko yakawatoa watu majumbani mwao huko Rufiji. Ukame huzidishwa na joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hivyo mvua inaponyesha hunyesha kwa kishindo.

Kwa hiyo mataifa yote yanatafuta umeme usiotoa hewa ya ukaa, na hapo ndipo watu wamegawanyika makundi mawili. La kwanza lasema: tutumie jua, upepo, maji na jotoardhi, yaani nishati jadidifu, ambazo haziishi kwa kutumiwa. La pili lasema: hizo hazitoshi, tujenge vinu vya nyuklia. Kila kundi limekuwa likimtupia mwenzake lawama, ilhali makaa ya mawe yanaendelea kuwaka.

Elimu yasemaje?

Uislamu unatuamrisha tupime kabla ya kuhukumu. Hata pombe na kamari, Kurani Tukufu ilipozihukumu ilikiri kwamba zina manufaa kwa watu, kisha ikatubainishia kwamba madhara yake ni makubwa zaidi. Tuitumie mizani hiyo.

Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi lilitoa hesabu mwaka 2014. Lilihesabu hewa ya ukaa yote inayotoka katika kuujenga mtambo, kuchimba malighafi yake, kuuendesha na kuubomoa. Chukua uniti moja ya umeme, ile tunayoinunua kwenye mita zetu. Ikitokana na makaa ya mawe, hutoa takriban gramu 820. Ikitokana na gesi, gramu 490. Jua hutoa gramu 40 hadi 50, jotoardhi 38, maji 24, nyuklia 12, na upepo 11.

Hesabu hiyo yatuonyesha kwamba nyuklia na nishati jadidifu ziko upande mmoja wa mizani, na makaa ya mawe yako upande wa pili. Anayesema kwamba nyuklia huchafua hewa kama makaa ya mawe hasemi kweli. Na anayesema kwamba jua na upepo ni mchezo wa watoto naye hasemi kweli.

Mafunzo kutoka Ufaransa na Ujerumani

Ufaransa ilishtushwa na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973. Mwaka uliofuata ikaamua kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi, na leo takriban theluthi mbili ya umeme wake hutoka humo. Ujerumani ilishika njia nyingine. Baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011 ilifunga vinu 8 kati ya 17, na tarehe 15 Aprili 2023 ikavizima vitatu vya mwisho. Wakati huo huo ilijenga jua na upepo kwa bidii ya kupigiwa mfano, hata zaidi ya nusu ya umeme wake ukawa wa nishati jadidifu. Lakini mitambo yake ya makaa ya mawe iliachwa iendelee, na sheria yake imeyapa muda hadi mwaka 2038. Ndiyo maana uniti ya umeme wa Ujerumani bado hutoa hewa ya ukaa mara kadhaa kuliko uniti ya Ufaransa.

Ujerumani haikukosea kupenda jua. Ilikosea mpangilio: ilianza kufunga kilicho safi kabla hakijaisha kilicho kichafu. Hata hivyo Ufaransa nayo si ya kuigwa katika kila jambo. Kinu chake cha Flamanville kilianza kujengwa mwaka 2007, kikitarajiwa kukamilika mwaka 2012. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, na gharama yake ilikuwa imepanda kutoka euro bilioni 3.3 hadi zaidi ya bilioni 13. Na mwaka 2022 vinu vyake vingi vilisimamishwa pamoja kwa sababu ya nyufa katika mabomba, ikalazimika kununua umeme kwa majirani.

Hofu nayo ipimwe

Wengi wetu tukisikia neno nyuklia twakumbuka bomu, na twakumbuka Chernobyl ya mwaka 1986, ambako zaidi ya watu laki moja walihamishwa mwaka huo huo, pamoja na Fukushima, ambako walihamishwa zaidi ya laki moja na nusu. Misiba hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini tuutazame na msiba usiopigiwa kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majikoni peke yake uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wengi wao kina mama na watoto. Mama zetu wanaopuliza kuni kila alfajiri wako katika hesabu hiyo. Haifai kumwogopa simba wa mbali na kumfuga chui ndani ya nyumba.

Basi sisi wa Afrika Mashariki tushike lipi?

Hatuoni dalili ya kuiharamisha nyuklia. Ni elimu, na elimu ni mali ya muumini. Umoja wa Falme za Kiarabu umejenga vinu vinne huko Barakah, Abu Dhabi. Ujenzi ulianza mwaka 2012, cha kwanza kikaanza kutoa umeme mwaka 2020, na cha nne kikaanza kazi ya biashara mwaka 2024. Vyote vinatoa takriban robo ya umeme wa nchi hiyo, na kando yake imejenga mashamba makubwa ya jua jangwani. Yaani yawezekana nchi kuvitumia vyote viwili bila ugomvi. Lakini yatupasa tujiulize maswali manne kabla ya kuiga.

Kwanza, wakati. Nchi yenye fedha nyingi na mkandarasi mzoefu kutoka Korea ilingoja miaka minane kupata umeme wa kwanza. Mtambo wa jua waweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hewa ya ukaa inayotolewa leo haingojei.

Pili, ukubwa. Wataalamu hushauri kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi hivi ya gridi nzima, ili ukizimika ghafla usiiangushe nchi yote. Kenya imekuwa ikifikiria kinu cha megawati 1,000, ilhali mwaka 2025 mahitaji yake ya juu kabisa yalikuwa kati ya megawati 2,300 na 2,500. Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 waya wao wa umeme ulipoharibika walikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 wakakaa tena kiasi cha miezi mitatu.

Tatu, deni. Misri inajengewa vinu vinne huko El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25, wenye riba ya asilimia 3. Waislamu tunajua uzito wa neno hilo. Tulinganishe na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, iliyokamilika mwaka 2025. Lilijengwa kwa fedha za serikali yenyewe, takriban shilingi trilioni 6.5. Jua nalo, bei ya umeme wake duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023.

Nne, amana. Taka za nyuklia hubaki na mionzi kwa maelfu ya miaka. Finland imechimba hifadhi zaidi ya mita 400 chini ya mwamba ili kuzizika. Anayetaka kinu atuonyeshe kwanza kaburi la taka zake, kwani hatuna haki ya kuwarithisha wajukuu mzigo ambao hatukuupangia mahali.

Kasoro za upande wa pili

Uadilifu watudai tuzitaje pia kasoro za nishati jadidifu. Jua huzama, upepo hutulia, na bwawa hukauka. Mradi wa upepo wa Turkana wenye mashine 365 na megawati 310 ulikamilika mwaka 2017, lakini ulikaa zaidi ya mwaka bila kutumika kwa sababu nyaya za kuupeleka umeme hazikuwa tayari. Kwa hiyo jua bila betri, na upepo bila nyaya, ni sawa na kisima kisicho na kamba.

Hata hivyo Mwenyezi Mungu ametujaalia kitu ambacho Ujerumani na Ufaransa hawana kwa wingi huo. Chini ya Bonde la Ufa kuna jotoardhi lisilolala usiku wala kujali ukame. Huko Olkaria Kenya ilianza na megawati 15 tu mwaka 1981. Leo jotoardhi huipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake. Kazi ile ambayo wengine huitakia nyuklia, ya kutoa umeme usiku na mchana, kwetu yaweza kufanywa na joto la ardhi pamoja na maji ya mabwawa, jua likiwapunguzia mzigo mchana.

Kwa sababu hizo rai yetu ni hii: nchi zenye vinu salama zisivifunge kabla ya kuacha makaa ya mawe. Nchi zetu zianze na jotoardhi, jua, upepo na maji, ziimarishe nyaya, na zisomeshe vijana sayansi ya nyuklia ili siku gridi zetu zitakapokua tuamue kwa elimu wala si kwa hofu.

Shura kabla ya kujenga

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mpango wa kinu cha nyuklia karibu na bahari wanayovua, na mwaka 2025 viongozi wakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Huko Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, mwaka 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani. Katika kila mahali pa namna hiyo, mvuvi na mkulima wana haki ya kuulizwa kabla, kuelezwa kwa lugha wanayoifahamu, na kulipwa wanapohamishwa. Kanuni ya Mtume (s.a.w.) ya kutodhuru na kutolipizana madhara haikuwekewa mipaka ya megawati. Haki hiyo hiyo wanayo wafugaji walio jirani na visima vya mvuke na mashine za upepo.

Wajibu wetu wenyewe

Ndugu wapenzi, tusimalize kwa kuwahukumu wakubwa tukajisahau. Sehemu kubwa ya uharibifu wetu haitoki kwenye mitambo ya umeme. Hutoka kwenye tanuri la mkaa porini. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo haitafikiwa ikiwa sisi tutaingoja.

Kwa hiyo twaomba kila msikiti ufanye mambo matatu. Uhesabu gharama ya umeme wake wa mwaka mmoja, kisha uangalie kama paa lake laweza kubeba paneli za kuendesha taa, vipaza sauti na pampu ya kisima. Uanzishe kikoba cha kuwasaidia wajane na masikini kupata jiko safi, kwani kumwondolea mama moshi kifuani ni sadaka. Na uzime taa na feni sala inapokwisha, maana tuliofundishwa kutofuja maji ya udhu hata ukingoni mwa mto hatuna udhuru wa kufuja umeme.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu busara ya kupima kwa haki, atukinge na israfu na ujinga, na atuwezeshe kuirudisha ardhi hii mikononi mwa watoto wetu ikiwa salama kuliko tulivyoipokea. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.